Moshi Uliofutwa kwa Spiriti

Soko la vifaa vilivyotumika lilikuwa limefurika asubuhi ile ya Jumamosi. Redio zisizo na migongo, televisheni zilizopasuka vioo, feni zilizopoteza mapanga, vyote vimelundikwa juu ya maturubai, na watu wameviinamia kama kuku wanaodonoa. Wachuuzi wawili walikuwa wakishindana kwa vipaza sauti, kila mmoja akitaka kumzima mwenzake. Katikati ya kelele hizo, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja walinyoosha mikono na kushika kitu kilekile.

Ilikuwa mashine ya zamani ya kuchanganyia muziki, iliyotoka kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa.

"Samahani dada, hii nimeiona mimi kwanza."

"Wewe umeiona. Mimi nimeishika."

"Hata mimi nimeishika."

"Umeshika waya wake, kaka. Mimi nimeshika mashine yenyewe."

Mwanamume alitazama chini. Ni kweli, alikuwa ameshika waya. Akacheka, na mwanamke naye akajizuia asicheke. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, kitambaa cha njano kichwani, na miwani ya kukuzia aliyoipandisha juu ya paji la uso. Mwanamume alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikawa mikali kama wembe, na alinukia losheni ya kunyolea.

"Wewe unatafuta nini humu ndani?" mwanamke akauliza.

"Bodi ya santuri. Nina gramafoni, nina amplifaya, nina spika. Nimeambiwa kuna kidude cha katikati ndicho kinakosekana."

"Mimi nataka transfoma tu. Tugawane?"

"Tugawane!"

Mwanamke akachomoa bisibisi kifuani, akapiga goti palepale juu ya turubai, na kabla mchuuzi hajamaliza kulalamika mashine ilikuwa wazi. Transfoma akaiweka kwenye mkoba wake. Kisha akamkabidhi mwenzake bodi ya kijani yenye ukubwa wa kiganja.

"Haya, kidude chako. Sauti inayotoka kwenye sindano ya santuri ni ndogo mno, kama mnong'ono wa mgonjwa. Hii ndiyo inayoikuza mpaka amplifaya iisikie. Unajua kuiwasha?"

"Dada, mimi ni kinyozi. Mashine za umeme nashika kutwa."

"Za kunyolea?"

"Umeme ni umeme."

"Thubutu!" Akamwandikia namba ya simu kwenye kipande cha boksi. "Ukishindwa, nipigie. Wote wananiita Fundi."

"Na mimi wananiita Kinyozi."

"Hilo nimelisikia puani kabla hujasema," akajibu, akapotelea kwenye umati.

Kinyozi hakuwa akitafuta burudani. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na aliyemlea ni dada wa mama yake, ambaye tangu utotoni alimwita Mama Mkubwa. Dada hao wawili, katika usichana wao, waliimba kwenye bendi na wakarekodi santuri moja. Wimbo mmoja kila upande, wakipokezana beti. Mama Mkubwa aliitunza santuri ile ndani ya flana, chini ya godoro. Nakala nyingine aliwahi kuwaazima watu wa redio, nao hawakuirudisha. Tangu hapo akaapa kwamba iliyobaki haivuki kizingiti cha mlango wake. Anayetaka kuisikiliza aje na mashine yake.

Shida ni kwamba sauti za dada hao zilifanana hata baba yao alikuwa akiwachanganya wakimwita wakiwa chumba cha pili. Aliyebaki duniani wa kuweza kusema "huyu ni mama yako, na huyu ni mimi" alikuwa Mama Mkubwa peke yake. Na masikio yake yalikuwa yakimtupa mkono. Daktari alimtazama, akampa vifaa vya kuvaa masikioni ambavyo kwake vilipiga mluzi tu, kisha akamwita Kinyozi pembeni: miezi michache, pengine minne, halafu kimya. Kuagiza bodi mpya kutoka nje kungechukua karibu muda wote huo.

Ndiyo maana Jumanne saa kumi jioni, badala ya kumpigia Fundi simu, Kinyozi aliketi mezani kwa Mama Mkubwa na chaja ya kompyuta mkononi. Bodi ilikuwa na pini tatu za kuingizia umeme. Chaja ilikuwa na waya mbili. Akaunganisha mbili, akaiacha ya tatu. Kimya. Akazigeuza, huku iende kule na kule ije huku.

Moshi ulipanda kama mtu amewasha sigara. Mama Mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele, akainua pua.

"Kuna kinachoungua?"

"Hakuna kitu, Mama!"

"Nini?"

"HAKUNA KITU!"

Kinyozi akachomoa haraka. Kona moja ya bodi ilikuwa na masizi. Alikwenda kwenye kibanda chake cha kunyolea, akachukua pamba na ile spiriti anayofutia shingo za wateja, akasugua taratibu mpaka masizi yote yakatoka na bodi ikang'aa kuliko siku aliyoinunua. Kisha akatafuta kile kipande cha boksi.

"Halo, Fundi? Umeme si umeme."

Kicheko cha upande wa pili kilimfanya asimame wima. "Njoo kesho ukifunga kazi," akasema Fundi. "Na uje na hicho kidude, usije na mdomo tu."

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la ndoo na mahali pa kutolea fotokopi. Rafu zilijaa redio zenye vikaratasi vya majina ya wenyewe, na mezani palikuwa na harufu ya lehemu iliyoyeyuka. Fundi alishusha miwani yake, akaigeuza bodi huku na huku.

"Uliwahi kuiunganisha na umeme wowote?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake pia lilikuwa jepesi. Lakini Kinyozi alimtazama yule mwanamke, akakumbuka yeye mwenyewe alivyojigamba sokoni, akaona haya.

"Hapana. Sijaigusa."

"Mbona inanukia spiriti?"

"Niliisafisha. Ilikuwa na vumbi."

"Wateja wote wangekuwa kama wewe! Wengine wananiletea redio zenye mende." Akaonyesha zile pini tatu. "Sikiliza. Hii inakula umeme wa pande mbili. Volti kumi na tano juu, kumi na tano chini, na sufuri katikati, kama mizani. Ukiipa upande mmoja tu haifanyi kazi. Ukigeuza, unaiua."

"Aa," akasema Kinyozi.

"Na transfoma yake ndiyo niliyoichukua mimi, nami nimeshaifunga kwenye amplifaya ya mtu. Kwa hiyo nina deni la roho. Nitakutengenezea umeme wake, usijali."

Alimtengenezea. Ilimchukua siku tatu, kwa transfoma nyingine na vipande alivyovitoa kwenye mizoga ya mashine. Kinyozi alifika kila jioni na chupa ya chai, akashika tochi. Siku ya tatu Fundi akapima kwa mita: kumi na tano, sufuri, kumi na tano. Akaunganisha. Hakukutoka sauti yoyote. Akagusa vijidude viwili vyeusi vyenye miguu minane minane, ambavyo ndivyo moyo wa bodi, akatikisa kichwa.

"Vimekufa vyote viwili. Uzee."

Hapo Kinyozi alikuwa na nafasi ya kusema. Alisema, "Chai inapoa."

Fundi akaweka vipya. Bodi ikafufuka! Alipitisha mlio wa majaribio, ukatoka safi kwenye spika, wakapigana viganja kama watoto. Dakika ya tano ikaanza kukwaruza. Ya sita, ikanyamaza. Waliiacha ikapoa, ikaimba tena dakika tano, ikanyamaza tena.

"Ndiyo ugonjwa ninaouchukia kuliko yote," Fundi akasema akiwa ameuma meno. "Kitu kikifa moja kwa moja, unakizika. Hiki kinakufa na kufufuka kinikejeli."

Basi ikaanza wiki ya kwanza, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Fundi alidhani bodi imechoka kwa umri, kwa hiyo akawinda uzee. Alibadilisha kapasita ndogo zote, zile zinazotunza umeme na kuvimba zikizeeka. Alipitia kila tone la lehemu, akaliyeyusha upya. Alibadilisha soketi. Kila alichofanya kilimpa matumaini ya dakika tano. Siku moja aliitupa bisibisi ukutani, ikamkosakosa Kinyozi.

"Unaniua, Fundi!"

"Samahani. Nililenga ukuta."

"Ukuta umekukosea nini?"

"Upo."

Katikati ya hasira hizo, wakapendana. Haikuwa siri kwa mtu yeyote. Mwenye duka la ndoo alianza kumwita Kinyozi "shemeji" kabla ya wenyewe kuambiana. Simu zilianza na habari za bodi na kuishia kwingine kabisa.

"Umelala?" Kinyozi alikuwa akimpigia alfajiri, kabla ya kufungua kazi.

"Ningekuwa nimelala ningepokea?"

"Unawaza nini?"

"Kapasita."

"Mimi je?"

"Wewe unakuja baada ya kapasita. Lakini si mbali."

"Basi nasonga mbele. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya transfoma."

"We mwanamume!" Na Kinyozi alimsikia akitabasamu, maana tabasamu lina mlio wake kwenye simu. "Kazi njema, laazizi. Usimkate mtu sikio."

Jioni moja, mvua ikipiga bati, Kinyozi alimsimulia habari ya sauti mbili za kwenye santuri. Fundi alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea lehemu, akakiweka chini.

"Hujawahi kumsikia mama yako? Hata mara moja?"

"Nilimsikia. Sikumbuki."

Fundi alimshika mkono kwa vidole vyake vigumu vyenye makovu madogo ya kuungua. Hakusema pole. Alisema, "Nitaitengeneza." Tangu siku hiyo akawa mtumwa wa bodi ile. Redio za wateja zilirundikana. Akaanza kukonda. Jumamosi moja Kinyozi alimkuta ameketi sakafuni, kitambaa cha njano kimemwangukia begani, macho mekundu.

"Labda mimi si fundi," akasema. "Labda nilijidanganya miaka yote hii. Nimepima kila kitu. Kila kitu!"

"Fundi, nina jambo nataka nikuambie..."

"Ukiniambia niache, nitakufukuza."

Kinyozi akafunga mdomo. Baadaye alijilaumu kwamba mlango ulikuwa wazi kabisa naye akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Lakini ndivyo uongo ulivyo. Kila siku unayouacha unazidi kuwa mzito kuuinua.

Jumapili iliyofuata Fundi aliamua kuijaribu bodi nyumbani kwa Mama Mkubwa, kwa gramafoni yenyewe. Pengine tatizo halikuwa kwenye bodi. Alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu, la kwanza ambalo Kinyozi aliwahi kumwona nalo, na viatu vya wazi. Mama Mkubwa, mfupi, mnene, mwenye sauti ya juu ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu! Kumbe fundi mwenyewe ni mrembo! Huyu hakuniambia! Karibu, karibu!"

Akamkalisha, akamletea maji. Fundi akaitoa bodi kwenye mkoba. Mama Mkubwa akaisogelea, akaitazama kwa furaha kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Ndicho hiki kilichofuka moshi siku ile?"

"Moshi gani, Mama?" Fundi akauliza, akiinua sauti.

"Moshi! Alikichomeka kwenye chaja, kikatoa moshi mweusi! Akaniambia hakuna kitu, akadhani na pua nayo imezibwa!" Akacheka sana, akimpiga mwanawe begani.

Fundi hakucheka. Aliirudisha bodi mkobani, taratibu, akamshukuru mama kwa maji, akatoka. Kinyozi alimkuta uani, karibu na kamba ya nguo.

"Fundi, nisikilize..."

"Niliuliza. Swali langu la kwanza kabisa lilikuwa lipi?"

"Niliona haya."

"Uliona haya. Na ile spiriti? Ulikaa ukasugua masizi kwa pamba, ukaniletea, nami nikakusifu kwa usafi!" Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko makelele. "Mwezi mzima umenishikia tochi nitafute kitu ambacho wewe ulikuwa umekificha. Ulinisikia nikisema mimi si fundi. Ukanyamaza."

"Nilitaka kukuambia siku ileile."

"Unajua kwa nini nafanya kazi peke yangu? Nilikuwa kwenye karakana kubwa, watu kumi na wawili. Mwenzangu akaunguza mashine ya mteja, akaifunika, akaniachia mezani kwangu. Nikafukuzwa mimi. Yeye alijua, na alinitazama nikikusanya vitu vyangu." Alipangusa jicho kwa mkono wa gauni. "Sikudhani nitatazamwa vile tena."

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo."

Akaondoka, kijani cha gauni lake kikapotea nyuma ya ukuta wa jirani.

Zilipita siku tisa. Simu iliita bila kupokewa. Ujumbe ulisomwa bila kujibiwa. Kinyozi alimnyoa mteja upande mmoja zaidi ya mwingine, ikabidi amnyoe kipara na kumwomba radhi. Karakana aliikuta imefungwa mara mbili, mara ya tatu ilikuwa wazi, lakini mwenye duka la ndoo alisimama mlangoni akatikisa kichwa, "Leo usiingie, shemeji. Nakuonea huruma."

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Ilimbidi amwambie Mama Mkubwa jambo moja mara tatu, kisha mara nne. Siku ya tisa kengele ya mlango ililia, Mama akaendelea kukunja nguo bila kuisikia. Kinyozi alimwandikia kwenye karatasi yote aliyoyafanya. Mama Mkubwa alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akavua miwani.

"Mimi sikukulea hivyo."

"Najua, Mama."

"Nini?"

"NAJUA!"

"Basi usiniambie mimi. Mimi hukuniharibia kitu."

Kesho yake mchana, kibanda kikiwa hakina mteja, alipiga simu tena bila kutarajia. Ikapokewa.

"Sema shida ya kifaa," ikasema sauti ya Fundi, kavu. "Shida ya moyo sishughuliki nayo."

Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo kikubwa. Akaanza.

"Jumanne, saa kumi jioni. Chaja ya kompyuta, volti kumi na tisa. Kwanza niliweka chanya kwenye pini ya kwanza na hasi kwenye ya katikati. Hakikutokea kitu, kama nusu dakika. Halafu nikazigeuza. Moshi ukatoka hapohapo. Nilichelewa kuchomoa, labda sekunde tano, sita, maana nilishtuka. Nikaficha. Nikasugua kwa spiriti. Ulipouliza nikasema sijaigusa. Uliposema ni uzee, nilijua si uzee, nikasema chai inapoa. Nimekudanganya si mara moja, Fundi. Ni kila siku niliyokuja."

Kinyozi alisikia saa ya ukutani ya karakana ile.

"Moshi ulitoka wapi?" Fundi akauliza hatimaye.

"Kwenye kona, karibu na zile pini tatu."

"Kona ina vitu vingi. Wapi hasa?"

"Chini ya kile kipipa kikubwa cha buluu. Masizi yalitokea chini yake, pande zote mbili."

"Kapasita kubwa," akasema Fundi, kama anajisemea. "Ile niliipima ikawa nzima, sikuing'oa." Kitu kikagonga meza. "Subiri."

Alimwacha hewani. Kinyozi alisikia lehemu ikichemka, pumzi, kiti kikisogezwa. Mteja aliingia kibandani. Kinyozi akamwonyesha kwa kidole anyamaze. Kisha akasikia kitu kilichokuwa kama kilio na kicheko kwa pamoja.

"Njia ya shaba inayopitisha umeme! Chini ya kipipa. Imeungua ikabaki nyembamba kama unywele. Ikipata joto inajinyoosha na kuachana, ikipoa inashikana. Dakika tano!" Sauti ikapasuka. "Mwezi mzima nilikuwa natafuta uzee, kumbe ni jeraha!"

"Nisamehe, Fundi."

"Sijakusamehe. Nimeiona tu." Akavuta kiti. "Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuja kwa mama. Nakuja kwa ajili ya mama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alikuja na ovaroli yake. Hakumtazama Kinyozi, alimsalimia Mama Mkubwa, akapanga vitu mezani: gramafoni, bodi iliyoungwa kwa kipande kipya cha waya, umeme wake ndani ya kopo la chuma, amplifaya, spika mbili. Akawasha.

Spika zikanguruma. Ngurumo nzito, kama lori lililosimama mlangoni bila kuzima injini.

"Hapana," Fundi akasema. "Hapana, hapana. Leo hapana!"

Alikaza waya wa ardhi wa gramafoni. Ngurumo. Alibadilisha plagi, akazima friji, akazima hata taa ya ukumbini. Ngurumo ileile. Jasho lilimtiririka shingoni. Saa moja ikapita. Mama Mkubwa alikuwa ameketi na santuri mapajani, ndani ya flana yake, akitazama midomo yao.

"Niambie nifanye nini," Kinyozi akasema.

"Usinisemeshe."

"Sawa."

Fundi alikwaruza, akapima, akalaani. Mwishowe akalisukuma lile kopo la umeme kwa hasira, likateleza hadi ukingo wa meza, mbali na bodi. Ngurumo ikapungua. Wote wawili wakaganda. Fundi alilirudisha karibu, ngurumo ikapanda. Akalisogeza mbali, ikashuka.

"Transfoma," akasema polepole. "Imekaa karibu mno na bodi. Inaipigia kelele." Akamgeukia, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Lishike kopo. Rudi nyuma mpaka waya uishie. Usiligongeshe."

Kinyozi alirudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, kopo kifuani. Ngurumo ilibaki ndogo tu, ya mbali. Haikuisha kabisa.

"Mama!" Fundi akamwita kwa ishara. "Tayari!"

Mama Mkubwa aliifunua santuri, akaifuta kwa kiganja, akaiweka mwenyewe. Sindano ikashuka. Mkwaruzo, kisha gitaa, kisha ngoma, kisha sauti ya msichana ikapanda, nyembamba, ya utani, ikimlalamikia mpenzi aliyechelewa. Fundi aliongeza sauti hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Mama Mkubwa aliinama, akaegemeza sikio kwenye kitambaa cha spika, akafumba macho.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Akaitikia kwa kichwa. "Huyo mimi. Nilikuwa naanza juu mno, nilikemewa kila siku."

Ukaja wa pili. Masikio ya Kinyozi yalisikia sauti ileile, msichana yuleyule. Lakini Mama Mkubwa aliinua mkono.

"Huyo! Msikilize anavyovuta neno la mwisho. Mimi nilikuwa nalikata, yeye alikuwa analivuta. Huyo ndiye mama yako. Huyo, huyo!"

Kinyozi hakuweza kufuta machozi kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kopo. Yalimshuka tu hadi kwenye kola ya shati. Fundi alimwona. Akaenda kule ukutani, akamfuta uso kwa kitambaa cha njano, upande mmoja, kisha wa pili, akabaki amesimama pale, bega kwa bega naye, mpaka santuri ikaisha.

Waliupiga upande wa kwanza mara nne. Mara ya tatu Kinyozi alianza kuzitenganisha mwenyewe, na Mama Mkubwa akawa anampima: "Huyu nani?" "Wewe." "Na huyu?" "Mama." Simu ya Fundi ilikuwa imerekodi yote.

"Huyu fundi," Mama Mkubwa akasema ghafla, kwa sauti iliyofika kwa majirani, "utamuoa lini?"

"Mama!" Kinyozi akaruka. Kopo likagonga ukuta.

"Nini?"

Fundi alikuwa akikunja waya zake. "Hajaniuliza, Mama!" akajibu kwa nguvu vilevile.

Kinyozi aliliweka kopo chini. "Nakuuliza sasa."

Fundi aliendelea kukunja waya, mzunguko mmoja, mizunguko miwili. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Leo nina hasira na wewe bado," akasema. "Nina hasira na hiyo ngurumo iliyobaki. Nina njaa. Ukiniuliza leo nitajibu vibaya. Niulize kesho."

Akaondoka na mkoba wake, akamwachia bodi mezani.

Kesho yake, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa mabati ya majirani, simu ya Fundi ikalia.

"Halo?"

"Ni kesho," akasema Kinyozi.

Upande wa pili ukasikika mwayo mrefu, halafu maji yakamiminwa kwenye beseni.

"Hutanidanganya tena?"

"Nitaona haya mara nyingi. Lakini nitakuambia."

"Hata kama nitatupa bisibisi?"

"Nitainama kwanza, halafu nitakuambia."

Alicheka, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka.

"Haya. Ndiyo," akasema. "Sasa niache nioge, nina redio za watu kumi na saba zinanisubiri."

Akakata simu.